Mbwa Hakusema Hivyo

Tupokigwe aliitambua ile sauti kabla macho yake hayajazoea giza la banda la video.

Alikuwa amemshika mkono Gloria, mtoto wa kaka yake, wakipapasa njia katikati ya mabenchi, ndipo spika iliyotundikwa juu ya skrini iliponguruma: "Karibuni, karibuni wapenzi watazamaji! Leo ni Jumatatu ya Pasaka. Leo hatuna ngumi wala bunduki. Leo tuna mbwa! Kama una moyo wa jiwe, mlango ule pale. Na kama hukubeba leso, azima kwa jirani yako."

Banda zima lilicheka. Tupokigwe hakucheka. Alishika bega la mtu asiyemjua. Pembeni ya skrini, nyuma ya kimeza chenye taa ndogo, alikaa kijana mwenye maiki mkononi, nusu ya uso wake ikiwa kwenye mwanga. Amekonda. Ndevu amezifuga. Lakini lile paji la uso, na ile namna ya kuinamisha shingo kama anayesikiliza kitu kutoka mbali, asingeweza kuvisahau hata angeambiwa avisahau kwa viboko.

Lusubilo.

"Shangazi, kaa basi, unatuzibia!" Gloria alimvuta.

Akakaa. Nyuma yake mama yake alikuwa anajipanga kwenye benchi na kitenge chake kipya, na kando ya mama alikuwepo Shadrack, kaka yake mkubwa, aliyeshika nafasi ya baba tangu baba afariki. Yesaya alikuja wa mwisho, amekumbatia soda na mifuko ya bisi. Yesaya wa Vwawa, mchumba aliyeletwa na Shadrack, mwenye malori, mtu mpole asiyekosa ibada. Jumamosi inayokuja wazee wake walikuwa wafike Ihanda kujitambulisha. Ndiye aliyetoa wazo la kuwaleta wote Tunduma kuona filamu ya familia.

Shadrack naye alikuwa ameisikia ile sauti. Aliinama mpaka pumzi yake ikamgusa Tupokigwe sikioni. "Tuondoke. Hapa kuna joto."

"Nani aondoke?" mama alidakia. "Mimi nimetoka Ihanda kuja kumwona mbwa. Nitamwona."

Tupokigwe alimsikia Shadrack akihema kama mtu aliyepandisha mlima.

Naye mwenyewe alitamani kuondoka. Alitamani pia kumrukia yule kijana na kumkwangua uso. Mwaka juzi, msimu wa kuchuma kahawa, Lusubilo alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Jumapili nakuja kwenu na mjomba." Mama akachinja jogoo. Majirani wakaazimwa masufuria. Tupokigwe alikaa na nguo zake za ugeni mpaka jua likazama nyuma ya mikahawa, na hakuna aliyekuja. Simu haikupatikana. Alipomfuata mjini Mpemba, kwenye banda alilokuwa akifanyia kazi wakati ule, aliambiwa kijana amefungasha virago amerudi kwao Ibaba. Akarudi nyumbani kuishi na vicheko vya kijiji. Mpaka leo kuna mama kisimani anayemsalimia kwa kumuuliza habari za jogoo.

Kwenye skrini filamu ilikuwa imeanza. Ilikuwa nchi ya baridi, yenye kondoo na nyasi ndefu, na msichana mmoja aliyekuwa na mbwa mweusi mwenye kifua cheupe. Mbwa yule alimfuata msichana kila aendako, akamlalia miguuni alipougua, akamtoa mtoni alipoteleza. Lusubilo aliyasema yote yale vizuri kwa Kiswahili, kwa sauti ya msichana, ya baba, ya mbwa, hata ya kondoo, na watoto waliokaa chini mbele walikuwa wanapiga makofi. Alikuwa na kipaji, hilo Tupokigwe hakuweza kulikana. Sauti ile ilimwingia mahali alipodhani pameshaota kovu, na jambo hilo lilizidi kumkasirisha.

Kisha mtu fulani alifungua mlango kuingia, mwanga wa mchana ukamwagika juu ya mabenchi, na Lusubilo akainua macho.

Alimwona. Akamwona na Yesaya, ambaye malori yake yanajulikana mpakani kote, anayemfungulia soda kwa upole na kumkabidhi.

Sauti ilikatika. Kwa muda filamu ilijiendea yenyewe kwa Kiingereza, watu wakaanza kupiga miluzi. Kwenye skrini familia ya yule msichana ilikuwa inahama. Shamba limeuzwa, gari limejaa mizigo, na msichana amepiga magoti mbele ya mbwa aliyefungwa kamba kwa jirani.

"Anasema, 'Nisubiri,'" Lusubilo alirudi, na sauti haikuwa ile ya mwanzo. "'Nisubiri, mimi ni wako siku zote.' Wasikieni dada zetu hawa! Maneno asali. Kumbe garini kuna mwanaume mwingine ameshawasha injini."

"Awe!" mama mmoja mfanyabiashara kutoka upande wa Zambia alikataa kwa sauti. "Yule si tata wake? Si baba yake yule?"

"Baba gani, mama? Huyo ana malori."

Watu wakaangua kicheko. Yesaya naye alicheka, maskini, asijue anachekea nini. Tupokigwe aliishika chupa ya soda mpaka vidole vikauma.

Mbwa alikata kamba. Akaanza safari ya kumtafuta msichana wake. Alilala kwenye theluji, akafukuzwa kwa mawe mahali fulani, akafika kwenye mto mpana akasimama ukingoni akilia. Bandani leso zilianza kutoka. Mama alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mbwa anasema," Lusubilo alisema polepole, karibu sana na maiki, "anasema: Nilikupenda wakati sina kitu. Nikaja kwenu na miguu yangu. Nikakuta umeshaondoka na mwingine. Leo umekaa unakunywa soda ya watu, na moyo wako haukusuti. Mimi ni mbwa, lakini wewe ndiye huna..."

"Mbwa hakusema hivyo!"

Tupokigwe alikuwa amesimama. Hakukumbuka kusimama.

"Kaa chini, dada!" watu walipiga kelele. "Hatuoni!"

"Mbwa hakusema hivyo," alirudia. "Mbwa analia tu. Maneno hayo ni yako."

"Jamani, tuna mtazamaji hapa anayejua lugha ya mbwa," Lusubilo alisema kwenye maiki.

"Najua lugha ya waongo! Muulize huyo mbwa wako, Jumapili ile alikuwa wapi? Wakati mama yangu anachinja, alikuwa wapi?"

"Alikuja!" Spika ilikwaruza kwa ukali wa sauti. "Alikuja na mjomba wake, wamevaa makoti ya kuazima! Alifika mpaka kwenye uzio wenu akaambiwa, rudini, mwenyewe ameondoka asubuhi kwenda Mbeya na mchumba wake. Aliambiwa mbele ya mjomba wake, mtu mzima, amesimama na kofia mkononi!"

"Nani alimwambia?"

Lusubilo aliweka maiki mezani. Hakuihitaji tena, kwa kuwa banda lote lilikuwa limenyamaza.

"Geuka nyuma yako," alisema. "Muulize."

Tupokigwe aligeuka. Shadrack alikuwa tayari ameinuka anaelekea mlangoni.

* * *

Nje jua lilikuwa kali. Foleni ya malori ilikuwa imesimama kuelekea mpakani, na vumbi lilikuwa limening'inia hewani. Tupokigwe alimkuta kaka yake karibu na ukuta, amempa mgongo.

"Kaka. Ulimwambia hivyo?"

"Twende nyumbani. Mambo ya familia hayasemwi barabarani."

"Nakuuliza, kaka. Mimi nilikuwa jikoni. Nilikuwa napepeta mchele. Ulimwambia mimi nipo Mbeya?"

Shadrack aligeuka. Hakuwa na aibu usoni, alikuwa na hasira. "Ndiyo, nilimwambia! Ulitaka nifanye nini? Nikupe kwa mtu anayekaa gizani kupiga domo juu ya picha za Wazungu? Baba aliniachia wewe. Nilikuwa nakulinda!"

"Kwa hiyo uliniacha nikae vile? Ulinitazama nimekaa vile mpaka giza, na wewe unajua?"

"Ungesahau. Na ulikuwa umeshasahau, mpaka leo."

"Nani alikwambia nilisahau?"

Mama alikuwa amefika, ameshika mkono wa Gloria. Alimtazama mwanawe wa kwanza kwa muda mrefu.

"Shadrack," alisema. "Siku ile niliwarudishia majirani masufuria yao macho yangu yakiwa chini. Nikarudi ndani nikakukuta umekaa, unakula paja la jogoo yule. Ulilimezaje?"

Shadrack aligeukia tena ukuta.

Lusubilo naye alikuwa ametoka. Alisimama hatua chache kutoka kwao, na Tupokigwe alipomtazama aliona kitu kilichomchoma kuliko yote: alikuwa anatabasamu. Kidogo, lakini alikuwa anatabasamu, kama mtu aliyeshinda kesi.

"Umesikia mwenyewe sasa, Tupo," alisema. "Mimi sikukosa."

"Hukukosa?"

"Nilikuja. Umesikia."

"Ulikuja mpaka kwenye uzio, ukaambiwa neno moja na mtu mmoja, ukageuza."

"Si mtu mmoja tu, ni kaka yako wa tumbo moja! Ningefanyaje?"

"Ungeita jina langu!" Sauti yake ilipanda mpaka utingo mmoja akachungulia kutoka juu ya lori. "Ungepiga kelele pale pale barabarani! Sauti unayo, Tunduma nzima inaijua. Ungekuja kesho yake. Ungekuja mwezi uliofuata ukanitukana, nami ningekujibu, tungejua ukweli. Huyo mbwa unayemsemea amelala kwenye theluji, amepigwa mawe, na hana hata mdomo wa kuuliza njia. Wewe ulikuwa na mdomo, Lusubilo. Ukaenda nao Ibaba."

Tabasamu lilimpotea. "Nilikuwa na uchungu, Tupo. Nilifedheheka mbele ya mjomba."

"Na mimi nilikuwa na nini? Sherehe? Leo umeniona, hukunifuata nje ukaniuliza. Umechukua maiki ukanivua nguo mbele ya watoto, mbele ya mama yangu. Huo ndio upendo wako wa kuja na miguu?"

Alimtazama. Lusubilo alijaribu kuyahimili yale macho akashindwa, akayashusha kwenye viatu vyake. Walikuwa karibu kiasi kwamba Tupokigwe alisikia harufu ya sabuni yake, ileile, na kwa kitambo kifupi mkono wake ulitaka kwenda wenyewe kwenye ule uso uliokonda. Aliukunja ngumi.

Kutoka bandani watoto walikuwa wanapiga mabenchi. "Filamu! Filamu!"

"Kwa hiyo yale malori ni yangu," Yesaya alisema.

Wote walikuwa wamemsahau. Alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa bisi mkononi.

"Yesaya," Tupokigwe alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipotetemeka. "Nisamehe. Ulistahili kuambiwa."

"Ungeniambia tu kwamba kuna mtu."

"Nilidhani hakuna. Nakuapia, nilidhani hakuna." Alivuta pumzi. "Wazee wako wasije Jumamosi. Si kwa sababu ya huyu, usidhani nakuacha nimfuate yeye. Siwezi kukubali posa iliyoandaliwa na mtu aliyenidanganya, hata kama ni kaka yangu."

"Tupo, una kichaa!" Shadrack alifoka. "Unajua unachokitupa?"

"Mwache," Yesaya alimkatiza bila kumtazama. Akampa Gloria mfuko wa bisi, akamwamkia mama shikamoo kana kwamba ndiyo kwanza anafika, akaondoka kuelekea lilipo gari lake. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Tupokigwe alimtazama mpaka alipopotea katikati ya malori, na alijua kwamba mtu mwema ameumia kwa kosa ambalo si lake.

Gloria alianza kulia. "Mimi nilitaka kujua kama mbwa alifika."

Lusubilo alichuchumaa mbele yake.

"Alifika," alisema, na sauti yake bila spika ilikuwa ndogo, imekwaruza. "Ila mwenyewe hakumtambua mara moja. Alikuwa amechafuka sana." Akasimama, akamgeukia Tupokigwe. "Nikija mimi Jumamosi?"

"Usiniulize."

"Tupo..."

"Siku ile hukuniuliza kitu. Leo usianze kuniuliza yale yanayokurahisishia wewe. Rudi ndani, watoto wanakusubiri."

Akamshika mama yake mkono, wakaenda kutafuta bajaji.

* * *

Wiki ile nyumba ya Ihanda haikuwa na maongezi. Shadrack alikula peke yake. Tupokigwe alipalilia mikahawa mpaka mgongo ukauma, na kila alipoambiwa apumzike alisema hajachoka. Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa imefunga mlima. Alijiambia kuwa hasubiri mtu. Hata hivyo alikuwa jikoni, amesuka nywele, na alikuwa anapanguza sufuria iliyokwisha kupanguzwa, aliposikia Shadrack akisema uani:

"Umefuata nini hapa?"

"Shikamoo, kaka." Ilikuwa sauti ile ndogo. "Nimemfuata Tupokigwe. Mjomba wangu huyu, Mzee Ezron, nadhani unamkumbuka."

"Mwenye nyumba hii ni mimi. Nimekwambia mara moja, na leo nakwambia mara ya pili. Geuza."

"Nakuheshimu, kaka. Siku ile nilikuheshimu mno, ndiyo maana tumefika hapa. Leo nitaondoka akinifukuza yeye mwenyewe."

"Na mimi nikikutoa kwa nguvu?"

"Utanitoa, nitasimama barabarani. Barabara si yako."

Tupokigwe alisikia buti la kaka yake likikanyaga tope. Akasikia na sauti ya mama kutoka sebuleni, tulivu kabisa: "Shadrack. Mlete mzee wa watu ndani, analowa. Na ukimgusa huyo kijana, leo utakula kwa jirani."

Matone ya mvua kwenye mabati. Kisha hatua za Shadrack zikaondoka kwenda upande wa zizi, nzito na za hasira, na mlango wa zizi ukabamizwa.

Tupokigwe alifuta mikono, akatoka.

Mzee Ezron alikuwa kwenye ngazi, koti limelowa mabegani. Tupokigwe alimpigia goti, akamkaribisha ndani, akamwonyesha kiti kilicho karibu na moto. Lusubilo alipotaka kufuata, alimkuta Tupokigwe amesimama katikati ya mlango.

Walitazamana. Maji yalikuwa yanamchuruzika Lusubilo kwenye nyusi, na hakuinua mkono kuyafuta. Amenyoa ndevu. Alionekana mdogo zaidi, na mwoga.

"Nimekuja kuomba..."

"Usiombe kitu," Tupokigwe alimkatiza. "Mimi bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Hujui. Hasira zangu hujawahi kuziona. Zile za Jumatatu zilikuwa za barabarani."

"Nimekuja kuziona."

"Sijui zitaisha lini. Zisipoisha, utarudi kwenu Ibaba mikono mitupu, na safari hii hutakuwa na mtu wa kumsingizia."

"Sawa."

"Usiniambie sawa! Unaniambia sawa kama nakuuzia nyanya." Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, naye aliyachukia. "Unajua nililala vipi usiku ule? Unajua walivyoniita kisimani?"

"Sijui. Niambie."

Alitaka kumfungia mlango. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa kabisa. Badala yake aliingia ndani, akarudi na vigoda viwili, akaviweka barazani mahali ambapo mvua haifiki, kimoja hapa na kingine mbali kidogo. Akakaa. Lusubilo akabaki amesimama mpaka alipoonyeshwa kwa kidevu.

Tupokigwe alianza na asubuhi ya Jumapili ile. Alisema juu ya mchele, juu ya kitenge, juu ya macho ya majirani. Alisema mambo ambayo hata mama yake hakuwahi kuyasikia, mengine kwa kulia, mengine kwa matusi, na mara moja alimrushia kitambaa cha sufuria usoni. Lusubilo alikiokota, akakikunja, akakiweka gotini. Hakujitetea. Mama alileta chai, akaiweka kati yao, akaondoka bila neno, na chai ikapoa pale pale bila kuguswa.

Mvua ilipokuwa inapungua, Tupokigwe alinyamaza. Koo lilikuwa limemkauka.

"Umemaliza?" Lusubilo aliuliza.

"Bado."

Lusubilo alivuta kigoda chake karibu.

"Basi endelea," alisema.